Dawa ya deni la mwalimu wa Kiomboi iko meza gani?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema nani alipe pale mdaiwa anapokuwa na ofisi nne au tano, kila moja ikimwelekeza mdai kwenda kwa mwenzake.

Hiyo ndiyo hali ya mwalimu wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, kama ilivyo kwa mwalimu wa wilaya nyingine yoyote nchini. Anapodai nyongeza ya mshahara, fedha za likizo, gharama za uhamisho au mapunjo ya cheo, huanzia ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Ndiye mwajiri wake wa kila siku. Lakini mkurugenzi huyo hana ufunguo wa sanduku.

Msomaji wa kurasa hizi anaweza kujiuliza: mambo ya walimu na chama chao yanahusu nini biashara na kilimo? Yanahusu sana, hasa katika mji kama Kiomboi.

Mvua ya pili

Ukiacha barabara kuu iendayo Nzega pale Misigiri na kukata kuelekea Kiomboi, unaingia katika nchi ya alizeti, mtama, mahindi na vitunguu. Mvua za huku ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Mkulima hupanda, hupalilia na kusubiri. Fedha humfikia baada ya mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, mashine za kukamua mafuta zinapoanza kununua mbegu.

Kati ya Desemba na Aprili mkulima wengi mfuko umekauka. Ni wakati huo huo anapotakiwa kununua sare na madaftari na kulipa vibarua wa palizi.

Katika miezi hiyo fedha taslimu inayoingia wilayani kwa uhakika ni mshahara wa watumishi wa umma, na kundi kubwa zaidi kati yao ni walimu. Kila kijiji chenye shule kina watu kadhaa wanaolipwa kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mwalimu ndiye anayelipa kibarua cha palizi, anayenunua kuku na maziwa kwa jirani, anayepanda bodaboda na kukopa sukari dukani akiandikwa kwenye daftari hadi tarehe ya mshahara.

Kwa hiyo mshahara wa mwalimu ni mvua ya pili ya Kiomboi. Ukichelewa au ukipungua, ukame wake hausikiki kwenye utabiri wa hali ya hewa, bali kwenye daftari la mwenye duka.

Meza mbili

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kuwa mazungumzo ya walimu na mwajiri wao ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba kuna meza mbili.

Ya kwanza ni meza kubwa, ya kitaifa. Hapo ndipo vinapojadiliwa viwango vya mishahara, posho na muundo wa vyeo. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliweka mabaraza ya majadiliano kwa kila aina ya utumishi, likiwamo la walimu, na baraza la juu kwa utumishi wote. Upande mmoja hukaa Serikali na upande wa pili chama cha wafanyakazi.

Ya pili ni meza ndogo, iliyopo katika halmashauri. Hapa mshahara haupangwi. Kinachozungumzwa ni utekelezaji: nani hajalipwa likizo, nani amehamishwa bila fedha, nani alipanda daraja lakini hati yake ya mshahara bado inasoma kiwango cha zamani. Meza hii hukutanisha uongozi wa wilaya wa chama na mkurugenzi, ofisa utumishi, maofisa elimu na mweka hazina. Lipo pia baraza la wafanyakazi, ambalo mizizi yake ni Agizo la Rais Namba 1 la mwaka 1970 kuhusu ushirikishwaji wa wafanyakazi katika uendeshaji wa sehemu zao za kazi.

Mwalimu wa Kiomboi anayepeleka dai la meza kubwa kwenye meza ndogo atarudi mikono mitupu. Na chama kinachosubiri meza kubwa imalize mambo ya meza ndogo kitaacha wanachama wake wakistaafu na madai mkobani.

Mabwana wengi

Chukua safari ya karatasi moja tu, ya kupandishwa daraja. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuanza kazi Julai 2016 ikichukua nafasi ya Idara ya Utumishi wa Walimu, ndiyo inayohusika na kupandisha vyeo na nidhamu. Ofisi ya Rais, Utumishi, hutoa kibali cha ikama na bajeti ya mishahara. TAMISEMI husimamia halmashauri ambamo mwalimu anafanya kazi. Wizara ya Elimu hutunga sera na mitaala. Hazina ndiyo inayolipa. Mkurugenzi huandika barua.

Cheo kinaweza kuwa kimeshatolewa kwa barua yenye mhuri, lakini mshahara mpya ukasubiri mwaka mzima. Tofauti kati ya kile kilichoandikwa kwenye barua na kile kilichoingia benki ndiyo walimu huita mapunjo, na yakikusanyika huitwa malimbikizo.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwalimu aliyepanda daraja alipaswa kuongezewa Sh 100,000 kwa mwezi. Nyongeza ikachelewa miezi 12. Deni ni Sh 1,200,000. Tuseme analipwa baada ya miaka mitano, na bei za bidhaa zimekuwa zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka. Fedha ileile itanunua vitu ambavyo wakati wa kudai vingegharimu takriban Sh 986,000. Zaidi ya Sh 200,000 zimeyeyuka bila mtu yeyote kuziiba.

Deni lisilo na riba wala tarehe ya kulipwa ni mkopo wa bure. Mkopeshaji ni mwalimu, na nyuma yake yuko mwenye duka aliyemwandika kwenye daftari.

Kutoka NUTA hadi CWT

Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilisajiliwa mwaka 1993. Kabla ya hapo walimu walikuwa ndani ya vyombo vya wafanyakazi wote: NUTA iliyoundwa mwaka 1964, kisha JUWATA, kisha OTTU iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1991. NUTA na JUWATA zilikuwa chini ya mwavuli wa chama tawala. Kazi yao ilikuwa zaidi kufikisha maelekezo kwa wafanyakazi kuliko kufikisha madai kwa mwajiri.

Kuwa na chama chao wenyewe kuliwapa walimu sauti. Kuliwapa pia gharama. Makato ya uanachama ni asilimia 2 ya mshahara kila mwezi, na sheria inaruhusu chama chenye wanachama wengi kukata ada ya uwakala hata kwa asiye mwanachama, kwa hoja kwamba naye hufaidika na kilichojadiliwa.

Kutokana na makato hayo chama kilijenga jengo la Mwalimu House jijini Dar es Salaam. Mwaka 2015 hisa za benki iliyoanzishwa kwa msukumo wake, Mwalimu Commercial Bank, ziliuzwa kwa umma kwa Sh 500 kila moja na benki ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hayo ni mambo makubwa. Lakini mwanachama wa Ndago au Shelui hupima chama chake kwa kipimo kingine: dai langu la likizo limefika wapi?

Oktoba 2008 na Julai 2012

Ili kuelewa uzito wa meza ndogo ni lazima kurejea kilichotokea meza kubwa iliposhindwa.

Kuanzia mwaka 2002 Serikali ilitekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliofuta ada na kujaza madarasa. Mwaka 2004 ukafuata mpango wa sekondari, MMES, na shule za kata zikaota kila pembe. Walimu waliajiriwa kwa kasi, wengine wakifunzwa kwa kozi fupi, wale ambao mtaani waliitwa Voda Fasta.

Madarasa yaliongezeka, walimu wakaongezeka, lakini fedha za kuwapokea, kuwahamisha, kuwapeleka likizo na kuwapandisha vyeo hazikuongezeka kwa mwendo huo. Madai yakarundikana. Kufikia mwaka 2008 walimu walikuwa wakidai takriban Sh bilioni 16. CWT ikatangaza mgomo wa Oktoba 15 mwaka huo. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikauzuia kabla haujaanza. Serikali ikafanya uhakiki wa madai, na uhakiki huo ulionyesha jambo ambalo kila mkulima anayeuza kwa mkopo analifahamu: dai lenye karatasi hulipwa, dai lisilo na karatasi hubishaniwa.

Mei 2010 lilikuja la shirikisho, TUCTA, lililotaka kima cha chini cha Sh 315,000 kwa mwezi. Rais Jakaya Kikwete alilikataa hadharani alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam, na mgomo uliotangazwa haukufanyika.

Kisha ikaja Julai 30, 2012. Safari hii walimu waligoma kweli. Walitaka mshahara uongezwe kwa asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na asilimia 50 kwa wa masomo ya sanaa, na posho ya asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu.

Watu walishangaa: asilimia 100? Lakini tukumbuke mfumuko wa bei ulikuwa umefikia asilimia 19.8 Desemba 2011. Mtu aliyekuwa akipokea mshahara uleule alikuwa amepoteza karibu moja ya sita ya uwezo wake wa kununua ndani ya mwaka mmoja.

Mgogoro ulikuwa umepita Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila mwafaka. Rais Kikwete alisema madai yale hayatekelezeki. Agosti 2, 2012 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamua kwamba mgomo haukuwa halali kwa kuwa taratibu za sheria hazikufuatwa, na walimu wakaamriwa kurudi kazini. Katika baadhi ya maeneo ya nchi wanafunzi waliandamana wakidai walimu wao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikatazi mgomo. Inataka ngazi zifuatwe: mgogoro upelekwe kwenye usuluhishi ambao kwa kawaida hupewa siku 30, wanachama wapige kura, na notisi ya angalau saa 48 itolewe. Katika utumishi wa umma kuna masharti ya ziada. Anayeruka ngazi moja hupoteza kesi hata kama dai lake ni la haki.

Mgomo usiotangazwa

Baada ya 2012 hakujatokea mgomo mwingine wa kitaifa wa walimu wa aina ile. Isidhaniwe kwamba gharama iliisha.

Kuna kitu walimu wenyewe hukiita mgomo baridi. Mwalimu yupo shuleni, amesaini daftari la mahudhurio, chaki iko mkononi, lakini moyo haupo. Saa nne yuko kwenye simu akifuatilia dai lake. Ijumaa hayupo kwa sababu amekwenda wilayani kuulizia barua. Anayetoka kijiji cha mbali hulipa nauli kwenda na kurudi, hupoteza siku ya vipindi, na huambiwa arudi wiki ijayo.

Mgomo wa aina hii hauzuiwi na mahakama yoyote. Anayeulipia ni mtoto wa mkulima, ambaye atakutana na bili hiyo siku ya mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne.

Upande wa pili wa meza

Si haki kusema upande mmoja tu. Serikali nayo ina hesabu zake.

Kwanza, walimu ndio kundi kubwa zaidi la watumishi wa umma. Nyongeza ndogo kwa mmoja ni mabilioni kwa wote, tena kila mwezi, tena bila kurudi nyuma. Barabara ikijengwa imejengwa. Mshahara ukipandishwa ni wajibu wa miaka yote.

Pili, orodha ya mishahara imewahi kuwa na uchafu. Mwaka 2016 Serikali ilianza uhakiki wa watumishi, na upandishaji wa vyeo ukasimamishwa. Aprili 28, 2017 Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa iliyotaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Majina hewa nayo yaliondolewa kwa maelfu.

Hakuna mlipakodi anayeweza kupinga usafishaji huo. Lakini walimu wengi waliokuwa na vyeti halali walisubiri pamoja na wasio na vyeti. Miaka waliyosimama daraja moja iliwaacha nyuma ya pale walipopaswa kuwa, na pengo hilo hufuata mtu hadi kwenye mafao ya kustaafu.

Sherehe iliyofika Singida

Mei Mosi 2025 sherehe za kitaifa za Siku ya Wafanyakazi zilifanyika Singida mjini, katika Uwanja wa Bombadia. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000. Miaka mitatu nyuma, mwaka 2022, kilikuwa kimepandishwa kwa asilimia 23.3.

Ilikuwa habari njema kwa mkoa mzima. Hata hivyo, wafanyabiashara waliosikia asilimia 35.1 na kudhani kila mwalimu ataongezewa theluthi ya mshahara wake hawakusoma vizuri. Asilimia hiyo ilikuwa ya kima cha chini. Walimu wengi huanzia juu ya kima hicho, na nyongeza ya ngazi za juu haikuwa ya kiwango hicho.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nyongeza inayotangazwa uwanjani ni uamuzi wa upande mmoja, hata uwe mzuri namna gani. Mwaka huu huja, mwaka mwingine haiji. Mwalimu hawezi kupanga ujenzi wa nyumba kwa tangazo. Mwenye duka hawezi kuagiza bati kwa tangazo. Mkataba ni kitu kingine: una pande mbili, una kiasi, una tarehe.

Hesabu ya hati ya mshahara

Kabla ya kuendelea, tuangalie kilichobaki mkononi baada ya meza kubwa kumaliza kazi yake. Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa Sh 800,000 ambaye alisoma kwa mkopo wa Serikali.

Mfuko wa PSSSF hukata asilimia 5, sawa na Sh 40,000. Bima ya afya, asilimia 3, Sh 24,000. Chama, asilimia 2, Sh 16,000. Bodi ya Mikopo, asilimia 15, Sh 120,000. Kodi ya mapato, baada ya kutoa mchango wa pensheni, ni Sh 68,000. Jumla ya makato ni Sh 268,000. Zinabaki Sh 532,000.

Kanuni inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Theluthi ya Sh 800,000 ni takriban Sh 267,000. Maana yake benki inaweza kukata hadi takriban Sh 265,000 kwa mwezi kwa ajili ya mkopo. Na wengi hukopa: kujenga, kusomesha, kununua pikipiki au kulima alizeti.

Sasa mwalimu huyo ana Sh 267,000 za kula, nauli, ada na wazee kijijini. Likitokea la dharura, na fedha za likizo au uhamisho hazijalipwa, huenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, na kuacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kuanzia hapo mshahara wake una mwenyewe mwingine.

Ndiyo maana deni dogo la halmashauri lina madhara makubwa kuliko tarakimu zake. Fedha za likizo si za anasa. Kwa mujibu wa kanuni za utumishi mwajiri humgharimia mtumishi nauli ya likizo mara moja kila miaka miwili. Zikikosekana, pengo hilo huzibwa na riba.

Jirani aliyeandika mkataba

Kenya walipita njia tofauti, na si njia ya mteremko. Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Serikali iliafikiana na chama cha walimu, KNUT, nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 kwa awamu za miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa, kisha Serikali ikasema haina fedha. Mwaka 1998 walimu wakagoma, na mvutano wa deni hilo uliendelea miaka mingi. Mwaka 2015 waligoma tena kwa wiki tano hivi.

Oktoba 2016 Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko na vyama vya KNUT na KUPPET walitia saini mkataba wa pamoja wa miaka minne, kuanzia Julai 2017 hadi Juni 2021, wenye thamani ya Sh bilioni 54 za Kenya. Kila mwalimu aliweza kusoma atapata kiasi gani na mwaka gani.

Mkataba si muujiza. Uliofuata, wa mwaka 2021, ulisainiwa bila nyongeza ya fedha kutokana na hali ya uchumi baada ya corona. Lakini hata ukavu huo ulijulikana mapema, ukiwa umeandikwa. Mfanyabiashara wa Kisii au Kitale alijua asitegemee nini.

Kwetu, mikataba ya hali bora si kitu kigeni. Vyama vya wafanyakazi husaini mikataba hiyo na mashirika na makampuni, na sheria ya mwaka 2004 inataka mkataba wa pamoja uwe wa maandishi na kusainiwa na pande zote mbili. Inazitaka pia pande zijadiliane kwa nia njema. Kilicho adimu kwa walimu ni mkataba wa fedha wa miaka kadhaa unaoingia kwenye bajeti kabla ya Mei Mosi, si baada yake.

Linalowezekana Kiomboi

Mkataba wa aina hiyo hautasainiwa Kiomboi. Utasainiwa Dodoma, siku ukisainiwa. Lakini yapo mambo ambayo meza ndogo inaweza kuyafanya bila kusubiri mtu.

La kwanza ni orodha moja. Halmashauri na uongozi wa chama wilayani wawe na daftari moja la madai, lililohakikiwa na kusainiwa na pande zote, likionyesha jina, aina ya dai, tarehe na kiasi. Pande mbili zikija na orodha mbili, mazungumzo huishia kubishana juu ya orodha.

La pili ni mpango wa kulipa wenye tarehe. Madai yasiyo ya mishahara, kama likizo, uhamisho na matibabu, hutegemea bajeti ya matumizi mengineyo na kwa sehemu makusanyo ya ndani. Katika wilaya ya wakulima makusanyo hayo hupanda wakati wa mavuno kupitia ushuru wa mazao. Basi mpango ufuate msimu. Deni la Januari liandikwe kwamba litalipwa Julai, na Julai ikifika lilipwe. Mwalimu anayejua tarehe hahitaji kwenda kausha damu.

La tatu ni kuacha kutengeneza deni jipya. Uhamisho una gharama: nauli, mizigo, na posho ya usumbufu ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Kwa mwalimu wa mfano wetu posho hiyo pekee ni Sh 960,000. Anayesaini barua ya kumhamisha mwalimu kutoka Kisiriri kwenda Shelui bila kuwa na fedha hizo amesaini hundi isiyo na salio.

La nne ni la walimu wenyewe: kutunza karatasi. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kila daraja, ya uhamisho, tiketi na stakabadhi, na hati za mshahara za kila mwezi. Nakala moja nyumbani, moja shuleni, moja kwa mwakilishi wa chama. Anayedai kwa mdomo hujibiwa kwa mdomo.

La tano ni la chama. Asilimia 2 ya mshahara wa Sh 800,000 ni Sh 192,000 kwa mwaka. Kwa fedha hiyo mwanachama ana haki ya kusomewa, walau mara moja kila muhula, madai mangapi yalipelekwa, mangapi yalilipwa na mangapi yamekwama kwa sababu gani.

Mkulima asikae pembeni

Mkulima wa alizeti akiuza mbegu kwa mali kauli hutaka kujua tarehe. Akiambiwa "tutakulipa fedha zikipatikana", hapakii gunia kwenye lori. Mwalimu amekuwa akipakia gunia lake kwa maneno hayo kwa miaka mingi, na gunia hilo ni vipindi vya watoto wetu.

Wajumbe wa kamati za shule na madiwani wanaopitisha bajeti ya halmashauri ni wakulima na wafanyabiashara hawa hawa. Wakikaa kikaoni na kuuliza bei ya ushuru wa mazao, waulize pia: tunadaiwa na walimu wetu kiasi gani, na tutalipa lini? Swali hilo halihitaji mgomo, wala mahakama, wala safari ya Dodoma.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini kwa deni lenye mabwana wengi, dozi ya kwanza ni kuliandika na kuliwekea tarehe. Hiyo Kiomboi wanaweza kuinywa leo.